Shamba Lisilo na Mti

Shamba letu la Mgeta halikuwa na mti hata mmoja. Mgeni akifika huona ajabu, maana jirani wa juu ana mipichesi, jirani wa chini ana miparachichi inayoangusha matunda mpaka njiani, halafu katikati kuna kipande chetu, kinashuka ngazi kwa ngazi hadi karibu na mto: kabichi, njegere, viazi, maharage, basi. Nilipokuwa mdogo nilidhani Baba hapendi matunda. Baadaye nikaja kuelewa kwamba anayapenda sana, ila anaishi ugenini.

Ugenini kwenyewe ni kwa mkewe. Sisi Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata mama. Mimi ni wa ukoo wa mama yangu, na shamba lile lilikuwa la mama yangu kama lilivyokuwa la mama yake. Baba alitoka Matombo, upande mwingine wa milima, kwenye migomba na iliki, akaoa, akaja kulima kwa wakwe. Mwanamume wa namna hiyo hupanda kila kinachovunwa kikaisha. Mti haupandi. Mti unakaa, unazaa, unarithiwa, na anayeupanda kwenye ardhi ya ukoo usio wake ni kama amesimama barazani akatangaza kwamba hapa ni pangu. Hakuna aliyewahi kumkataza Baba kwa mdomo. Alijua tu, kama anavyojua kwamba huingii nyumbani kwa mtu bila hodi, na akaishi hivyo miaka yote ya ndoa yake, akinunua pichesi sokoni wakati za jirani zinaoza uani.

Mama alipofariki, suala hilo lililokuwa limelala likaamka. Baada ya arobaini ukoo ulikaa, na mjomba wangu, kaka mkubwa wa Mama, ambaye ndiye mwenye sauti katika ukoo wetu, akasema mbele ya watu kwamba shemeji yake atabaki pale, atunze shamba, kwa kuwa binti yupo. Mjomba ni mtu wa maneno machache na hapendi kuyarudia. Watu wakaitikia, wakanywa chai, wakatawanyika. Mimi nilibaki nimeshika kikombe nikiyatafakari yale maneno manne ya mwisho. Binti mwenyewe ni mimi, na sina dada. Maana yake Baba atakaa pale maadamu mimi nipo.

Na mimi wakati huo nilikuwa nimeshaomba ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza.

Nilikuwa nafanya kazi Kihonda, chini mjini, kwenye kiwanda kidogo cha unga wa lishe, nikiishi chumba kimoja na kupanda Mgeta mwisho wa juma. Ufadhili ulipotoka, nilimwambia Baba nikiwa namenya viazi ili nisimtazame usoni. Akasema vizuri sana, mama. Baba huniita mama tangu nilipozaliwa, kama wafanyavyo baba wengi wa huku kwa binti zao. Nikamuuliza, na shamba je? Akasema mwaka mmoja si kitu, kabichi zenyewe hazitajua kwamba nimeondoka. Mjomba naye alikubali, mwaka mmoja, akanipa baraka na ushauri kuhusu sweta.

Sasa niseme ukweli kuhusu ughaibuni: nilikuwa mpweke, na upweke hunifanya niwe mkali. Nilikasirikia mvua yao isiyonyesha ikaisha, nikakasirikia jua linalotua saa kumi jioni, nikakasirikia majirani wa bwenini walionisalimia bila kusubiri jibu. Mji wenyewe ulikuwa kaskazini, kando ya bahari, na bahari nayo haikunisaidia kitu; mimi ni mtu wa mlimani, nikitazama mbele nikakuta hakuna kinachopanda juu, nahisi kama nimesahauliwa nje. Lakini kilichonisumbua zaidi ni mikono. Miezi ilipita bila kugusa udongo. Usiku wa Krismasi nilijikuta nachimba kwa kijiko kwenye chungu cha ua la mwenzangu, na hapo nikajua hali si nzuri.

Mwaka mpya ulipoanza, kwenye ubao wa matangazo kanisani, nikaona wanatafutwa watu wa kujitolea Jumamosi kupanda miti ufukweni. Sikuuliza zaidi. Nilivaa masweta yote niliyokuwa nayo nikaenda.

Nilichokuta ni lundo la miti iliyokufa. Ilikuwa ile miti ya Krismasi ambayo watu wa kule huikata, wakaipamba sebuleni, na sikukuu zikiisha wakaitupa. Mingine bado ilikuwa na vinyuzi vinavyometameta. Msimamizi wetu, mama mmoja mrefu mwenye gambuti za njano, akatugawia mabeleshi akasema tuipande. Nilidhani Kiingereza changu ndicho chenye matatizo. Nikamuuliza mara ya pili, akasema ndiyo, tuipande. Nilikaribia kurudi nyumbani. Nimeamka alfajiri, nimegandishwa na baridi, nimevuka mji mzima, nije nizike takataka za sikukuu ya watu?

Yule mama alikuwa mvumilivu. Akanieleza kwamba pale ufukweni kuna vilima vya mchanga, na vilima vile ndivyo vinavyozuia bahari isiingie mjini. Upepo na miguu ya watu vimevila. Ukisimamisha miti iliyokufa kwa mistari chini ya kilima, ukaifukia nusu, upepo unaoleta mchanga unajikwaa pale, mchanga unadondoka, unajaa, kilima kinarudi. Kisha unapanda majani juu yake yashike.

Hayo nilikuwa nayajua tangu utoto, ila kwa upande wa pili. Mgeta hatuchomi magugu ya shambani. Tunayalaza kwa mstari kukata mteremko, tunayafunika kwa udongo, na mvua ikija kukokota udongo wetu kuupeleka bondeni, inajikwaa pale. Nilishika beleshi nikachimba mpaka masweta yakanizidi joto. Jioni yake, kwa mara ya kwanza tangu nifike, nililala usingizi wa kweli.

Jumapili nikampigia Baba. Kule shambani mtandao hakuna. Baada ya misa yeye hupanda kilimani nyuma ya kigango akasimama kwenye jiwe lake, nami namtafuta saa hiyohiyo. Nilipomwambia Wazungu wanapanda miti iliyokufa, alicheka. Alicheka mpaka nikasikia watu waliokuwa jirani naye wakimwuliza kuna nini, naye akawasimulia, nao wakacheka. Tangu Mama afariki sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Alipomaliza akaanza maswali. Wanaisimamisha au wanailaza? Wanaizika kwa kina gani? Mstari unakwenda na upepo au unaukata? Nikamjibu yote. Mwishoni akasema, "Mti uliokufa hauna ubaya wowote." Nilidhani anatania.

Tukaendelea hivyo kila Jumamosi. Nikazoeana na wenzangu, nikajua nani huleta biskuti na nani huzila. Miti ilipokwisha, msimamizi akaleta majani mabichi yenye mizizi, akasema sasa haya ndiyo tunayapanda juu ya kilima, yataenea, yataishi miaka na miaka. Akanipa fungu langu. Na mimi nikashindwa kuinama.

Si kwamba niliamua. Mwili ndio uliokataa. Kitu kilicho hai, kinachokaa miaka na miaka, kwenye ardhi ya watu nisiowajua, bila kuomba? Nikamwuliza yule mama, hii ardhi ni ya nani? Akasema ni ya wote. Jibu hilo halikunitosha hata kidogo. Kwetu ukisikia ardhi ni ya wote, ujue mwenyewe hajafika. Nikasema siku ile mgongo unaniuma, nikasaidia kubeba maji.

Wiki ile nzima nilimtafuta mwenye ardhi. Mwisho wa ufukwe, chini kabisa ya vilima, kulikuwa na nyumba moja ya zamani, na ndani yake akiishi mzee mmoja peke yake, ambaye wenzangu walimsema kwa ukali wake. Alikuwa akifungua dirisha na kutufokea kwamba tunamzibia bahari asiione. Mimi nikaona huyu ndiye. Anayelalamika kuhusu ardhi ndiye mwenye ardhi. Nikaenda dukani kununua kuku, maana huendi kuomba ardhi mikono mitupu, na kwa kuwa kule hawauzi kuku wenye manyoya, nilinunua aliyenyonyolewa, amefungwa kwenye nailoni, baridi kama jiwe la mtoni. Nikabisha hodi.

Mzee alifungua akiwa ameshika brashi ya rangi. Nilimwamkia kwa heshima, nikampa kuku kwa mikono miwili, nikamweleza kwamba mimi ni mgeni, natokea mbali, na ninaomba ruhusa ya kupanda majani juu ya kilima chake. Akamtazama kuku, akanitazama mimi, akauliza viazi viko wapi. Alidhani ninatoka kwa wale wanaopelekea wazee chakula. Nikasema viazi havimo kwenye desturi. Akasema basi sawa, akafunga mlango.

Jumamosi iliyofuata alikuja ufukweni na mkongojo wake na sufuria la supu. Akamwambia msimamizi kwamba ameshatoa ruhusa, binti huyu alikuja kuomba kama inavyotakiwa, na ninyi wengine hamkuja. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Nilipoeleza maana ya kuku, wakacheka zaidi, na mimi nikacheka nao, ingawa moyoni sikuona kosa langu liko wapi. Nilipanda fungu langu lote siku ile. Nyumba yenyewe ilikuwa yake, kilima hakikuwa chake, hilo nilishajua. Lakini mtu mmoja wa mahali pale alikuwa amesema panda, na mwili wangu ukaridhika.

Baada ya hapo nilikuwa nikipita kwake kunywa chai. Alinieleza kwamba binti yake anaishi mji mkubwa na kila wiki humwomba ahamie kwake, kwa sababu siku moja bahari itaichukua ile nyumba. Nikamwuliza yeye anamjibu nini. Akasema humwambia popote ni sawa, yeye hana shida, aamue binti. Alisema hayo akiwa amepanda kwenye kiti, anapaka rangi fremu ya dirisha lile linalotazama bahari, mkono wa pili wa rangi, kwa uangalifu sana. Nilimshikia kiti. Nilimwona anavyopaka, nikaona na dirisha lilivyo, lakini akili yangu wakati ule ilikuwa kwenye mitihani.

Masomo yalipokaribia kuisha, chuo kikaniambia ninaweza kuendelea na shahada ya uzamivu, kwa ufadhili tena, miaka kadhaa. Nilifurahi, nisifiche. Furaha hiyo haikudumu wiki, kwa sababu Mjomba alinipigia simu mwenyewe. Mjomba hapendi simu. Huishika mbali na sikio kama inayomtemea mate. Nilipoona jina lake nikajua habari imeshafika kilimani.

Hakunigombeza. Ingekuwa rahisi kwangu kama angenigombeza. Aliniuliza afya, akauliza masomo, kisha akanikumbusha kuhusu binti wa mama mdogo, ambaye ameolewa, ana watoto, na kipande chake hakitoshi hata mboga za kula nyumbani. Naye ni binti wa ukoo kama mimi. Shamba la Mama haliwezi kukaa miaka yote hiyo likimsubiri mtu aliye ng'ambo, alisema, na shemeji yake si mtu wa kufanywa mlinzi. Kama sirudi, binamu yangu atahamia pale, na Baba atasindikizwa Matombo kwa wapwa zake, kwa heshima zote. Kama narudi, nirudi. Alitaka jibu langu kwenye kikao, uso kwa uso, nikija.

Kila alichosema kilikuwa cha haki. Ndiyo maana nililia.

Jumapili nikamwuliza Baba anataka nini. Nilimwuliza wazi, bila kumumunya maneno. Akasema, "Popote ni kwetu, mama. Wewe soma." Nikamwambia hilo si jibu. Akasema Matombo kuna iliki nzuri. Nikampandishia sauti, mimi huku na yeye juu ya jiwe lake, nikamwambia baba, ninakuuliza wewe, si iliki. Akasema salio linakwisha, wakati aliyepiga ni mimi.

Nikarudi nyumbani katikati ya kiangazi. Barabara ya kupanda Mgeta ilikuwa vumbi tupu, malori ya mboga yakishuka yakiwa yamejaa mpaka juu, na bodaboda aliyenichukua alinisimulia bei ya kabichi Dar mpaka tunafika. Baba alikuwa amekonda kidogo. Nikamsalimia, shikamoo baba, akaitikia marahaba, akachukua begi langu, na kabla sijanywa hata maji akasema twende kuna kitu anionyeshe.

Chini ya shamba, kabla ya mto, kulikuwa na korongo. Lilianza kama mfereji Mama angali hai, na kila masika lilikuwa likipanda juu, likila ngazi moja baada ya nyingine. Nilipoondoka ng'ombe angeweza kujificha ndani yake. Sasa nilikuta Baba amelikata kwa mistari ya nguzo zilizokufa, zimesimamishwa zikazikwa nusu, na nyuma yake amelaza matawi na mabua ya mahindi. Masika ilipokuja, maji yakajikwaa, udongo ukabaki. Korongo lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Ulikuwa ufukwe wangu uleule, umeletwa mlimani na mtu ambaye hajawahi kuuona, kwa maelezo ya simu ya Jumapili.

Nililia pale, Baba akajifanya anaangalia mto. Mtu mwingine angepanda miti hai tangu zamani, korongo lisingefika pale. Yeye hakuwa na ruhusa ya mti, na hakuiomba. Alisubiri mpaka akasikia kwamba kuna miti isiyodai ardhi, akaitumia kuokoa shamba la watu wengine ambalo huenda angelazimika kuliacha baada ya miezi michache.

Nilipofuta macho nikaona kitu. Mstari wa mwisho, nguzo ya pembeni, ilikuwa na majani.

"Baba," nikasema, "ule umechipua."

"Nimeuona," akasema. "Nitaung'oa. Nilidhani umekauka."

Nikaukaribia. Ulikuwa mkuyu. Mgeta nzima inajua kwamba nguzo ya mkuyu ukiichomeka ardhini inaota; hata sisi watoto tulikuwa tukifanya hivyo kwa mchezo. Na mtu aliyelima maisha yake yote anidanganye kwamba alidhani umekauka. Niliinama kugusa jani, na hapo nikaona udongo. Korongo lote lilikuwa limekauka, linapasuka, isipokuwa pale chini ya mkuyu. Pale palikuwa pamelowa, duara safi, jeusi, na kingo zake zimejengewa kwa mkono ili maji yasitoroke.

"Na hapa?" nikamwuliza.

"Umande, mama."

Umande uliochagua nguzo moja. Nilimtazama, na yeye akatazama mto, na nikamwona yule mzee wa ufukweni juu ya kiti chake akipaka dirisha rangi mara ya pili. Popote ni sawa. Nilihisi uchungu na hasira na mapenzi, vyote kwa pamoja, na sikujua nianze na kipi, kwa hiyo nikasema nina njaa.

Kikao kilikuwa siku iliyofuata. Asubuhi nilipoamka Baba hakuwa ndani. Kila asubuhi hupita kwenye kaburi la Mama, lililo juu ya shamba, lakini hakuwa pale pia. Nikamkuta korongoni amesimama mbele ya mkuyu na jembe mkononi. Udongo ulikuwa umelowa upya. Alikuwa ameumwagilia, kisha akaja kuung'oa. Alisema Mjomba akiuona ataelewa vibaya, atadhani shemeji yake ameanza kujitwalia ardhi wakati mtoto yuko mbali, na hataki kuondoka pale kwa jina baya baada ya kukaa miaka yote kwa jina zuri. Nilimnyang'anya jembe. Sijawahi kumnyang'anya baba yangu kitu tangu nizaliwe. Nikamwambia aende akavae shati, wageni wanakuja.

Nilikuwa na mpango. Mimi ni binti wa ukoo. Mti nikiupanda mimi hakuna neno. Mjomba akiuliza, nitasema ni wangu. Nilijua atajua kwamba nilikuwa Uingereza, lakini nilikuwa tayari kumkazia macho mpaka akubali.

Mjomba alifika na mama mdogo na binamu yangu. Shikamoo zikatolewa, marahaba zikaitikiwa, chai ikanywewa na mihogo. Kisha Mjomba akasema kabla ya maneno yoyote tuzunguke shamba, kwa sababu hawezi kuzungumzia kitu asichokiona. Tukashuka ngazi kwa ngazi, yeye mbele. Alipofika korongoni akasimama muda mrefu. Alilijua lile korongo. Alikuwa amelikatia tamaa. Akashuka ndani, akagonga nguzo moja moja kwa fimbo yake, akakanyaga udongo uliojaa kuona kama unashika. Halafu akafika kwenye ile ya pembeni.

"Huu nani kaupanda?"

Nikafungua mdomo. Baba akanitangulia.

"Mimi, shemeji."

Hakuongeza kwamba alidhani umekauka. Hakutaja umande. Alisimama na shati lake la kanisani, mikono imelegea, na nikaona kwamba hilo ndilo jibu nililomwomba kwenye simu, na analitoa sasa, kwa mtu anayeweza kumfukuza kwa sababu ya jibu hilohilo.

Mjomba alichuchumaa. Akashika udongo uliolowa, akaufinya, akaunusa, akautazama ule ukingo mdogo uliojengwa kwa vidole. Alikaa vile mpaka mama mdogo akaanza kukohoa. Kisha akanyoosha mkono bila kugeuka, akaomba panga.

Binamu yangu ndiye aliyekuwa nalo, alikuwa amelichukua njiani kufyeka magugu. Akalitoa polepole. Baba alikuwa ameinamisha kichwa.

Mjomba akashika shina kwa mkono wa kushoto, na kwa ncha ya panga, taratibu, akaanza kukata machipukizi ya chini. Moja, jingine, jingine. Akaacha lile la juu kabisa, lililonyooka. Akayakusanya yaliyoanguka akayaweka nyuma ya nguzo pamoja na mabua.

"Ukiyaacha yote hautarefuka," akasema. Akasimama, magoti yakalia, akamrudishia binamu yangu panga lake. "Na jua hili, shemeji, maji ya alfajiri peke yake hayautoshi."

Kikao chenyewe kilikuwa kifupi. Binamu yangu alipewa ngazi za juu alime, na yeye mwenyewe akasema hataki nyumba, baba mkubwa abaki ndani yake. Mimi niliambiwa nirudi nikasome. Kwa hivyo shamba halikunisubiri tena, na Baba hakuwa tena akikaa pale kwa sababu yangu. Hayo yote yalisemwa ndani, na nayakumbuka kwa ujumla tu.

Ninachokikumbuka vizuri ni kabla hatujaingia. Wengine walikuwa wameshaanza kupanda kurudi nyumbani, nami nikageuka kumwita Baba. Alikuwa ametoa ndoo aliyokuwa ameificha kwenye majani kando ya korongo. Jua lilikuwa utosini, majirani wa juu na wa chini wote wako mashambani mwao wanatazama, na yeye, na shati lake la kanisani, akaibeba ile ndoo akashuka nayo mtoni.